Mali Ikiuzwa Hairudishwi

  Msikilizaji, kama uko jikoni wakuna nazi, endelea tu na kazi yako. Mimi nataka masikio, mikono si haja yangu.

Mwezi wa Februari hapa Mombasa hauna haja ya kuelezwa. Kaskazi ikituama usiku, hata shuka huwa adui. Mwezi huo nilinunua feni. Feni ya mezani, mabawa matatu, shilingi 3,200, katika duka moja la vyombo vya stima mjini. Duka lenyewe sitalitaja, na ukinisikiliza hadi mwisho utaona kwamba halistahili kutajwa. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto aliyeshiba. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu, yapata saa nane, nikaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Feni imenyamaza, na ule mgongo wake wa nyuma haushikiki kwa moto.

Asubuhi nikaitia ndani ya boksi lake, nikashika njia. Kijana wa kaunta alinitazama, akalitazama boksi, wala hakulifungua. Aliinua kidole tu kuelekea ukutani, kwenye karatasi iliyotiwa plastiki, herufi kubwa nyekundu: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

"Ami, soma hapo," akaniambia. Kwa adabu, usidhani alinitusi.

Nikasoma. Na hapa nitakuungamia jambo. Mimi ambaye kila wiki nakaa mbele ya kipaza sauti hiki kukwambia usikubali kudhulumiwa, niliisoma karatasi ile nikakubali. Nililibeba boksi langu nikatoka, nikaenda kukaa kwenye baraza ya duka la pili, feni mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Ilinichukua muda kujiuliza swali jepesi: aliyeiandika karatasi ile ni nani?

Si Bunge. Si hakimu. Ni mwenye duka, au pengine ni yule wa kupiga chapa ambaye huziuza kwa jumla, maana nimeziona zimefanana kuanzia Digo Road mpaka Kongowea. Maneno hayo yako chini ya risiti, yako juu ya droo ya pesa, yako mlangoni kwa muuza viatu. Tumeyaona miaka mingi mno hata tumeyadhani ni sheria.

Sheria yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaoisikiliza redio hii. Ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya mwaka 1931, iliyochotwa kutoka sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Nasema hivi makusudi, kwa sababu kuna watu wakisikia "haki za mnunuzi" hudhani ni mambo ya juzi yaliyokuja na simu za mkononi. La. Babu yako alipokuwa akinunua baiskeli sheria hii ilikuwapo.

Na inasema nini? Inasema kwamba katika kuuza na kununua kuna masharti yaliyomo ndani ya mapatano hata kama hakuna aliyeyatamka. Ukiuziwa kitu kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo. Umeambiwa kitambaa ni pamba, kisije kikawa nailoni. Ukionyeshwa konzi ya mchele kama mfano pale Marikiti, basi gunia zima lifanane na konzi ile, si juu pishori na chini chenga. Ukimwambia muuzaji, "Nataka pampu ya kisima changu, kina chake pima sita," naye ndiye kazi yake kuuza pampu, akakuchagulia yeye kwa ujuzi wake, basi pampu ile iweze kuvuta maji ya pima sita. Na kitu kinachonunuliwa kwa mtu anayekiuza kila siku sharti kiwe na ubora wa kuuzika, yaani kifanye kazi ambayo kitu cha namna hiyo hufanya. Feni ipepee. Na ipepee zaidi ya siku mbili, jamani.

Mnunuzi naye ana lake. Sheria hiyo hiyo inasema ukikikagua kitu kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona huwezi kuja kuilalamikia baadaye. Umekishika kikombe, umekigeuza, ufa uko wazi kama mkono wa saa, ukalipa ukaenda; hilo ni lako. Lakini ndani ya mota ya feni nani anaona? Kasoro iliyojificha haimezwi na macho ya mnunuzi.

Hapo zamani wafanyabiashara wangeweza kuyafuta masharti haya kwa kuandika tu kwenye mapatano kwamba hayatumiki. Wao kwa wao, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, mlango huo haujafungwa. Kwa mimi na wewe tunaonunua vya kutumia nyumbani, mambo yalibadilika. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 46, ilitupa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kutuwezesha kufaidi tunachonunua, haki ya kulindwa afya na usalama na mifuko yetu, na haki ya kufidiwa tukipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo nayo ni Namba 46. Ibara 46, Sheria 46. Sijui kama kuna aliyekusudia, lakini kwa mtu msahaulifu kama mimi ni sadaka. Sheria hiyo ndiyo inayosema kwamba yale masharti ya Sura ya 31 hayawezi kupunguzwa wala kufutwa katika mapatano na mtumiaji. Neno lolote linalojaribu kuyafuta ni batili.

Basi irudie karatasi ya ukutani ukiwa na hilo kichwani. Kwa feni iliyoungua, karatasi ile ni pambo la ukuta.

Lakini usikimbie bado. Kuna mahali karatasi ile ina nguvu, na nisipokwambia nitakuwa nimekutuma vitani na panga la mti. Mwaka jana mke wangu alinunua leso pale Biashara Street. Leso nzuri, rangi zake tulivu. Kufika nyumbani, shemeji yangu akalisoma jina lake, akashika mdomo. Kumbe maneno yale yangeweza kusikika kama kijembe kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiyo kwanza tumepatana naye baada ya kesi ya maji machafu. Mke wangu akairudisha leso. Muuzaji akamuuliza: imetoboka? Haikutoboka. Rangi imechuja? Haikuchuja. Ni pindo si sawa? Sawa. "Basi bibiye, kosa langu liko wapi?"

Na hakuwa na kosa. Leso ilikuwa leso. Sisi ndio tuliobadili nia. Katika hali hiyo, mali ikiuzwa hairudishwi kweli, na muuzaji akikubadilishia ni hisani yake, mshukuru. Yule alimbadilishia. Lakini naona watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, wanaingia dukani na ghadhabu ya feni huku mkononi wameshika leso, na wafanyabiashara wamechoka nao. Karatasi nyingi za ukutani zimeletwa na wateja hao: wa gauni lililovaliwa arusini Jumamosi likarudishwa Jumatatu lina harufu ya udi.

Nina jambo jingine la kuwaambia wale wanaodhani haya yote tuliletewa na meli ya Mwingereza. Wazee wetu wa pwani waliofanya biashara kwa sheria ya Kiislamu walikuwa na hiari ya aibu: mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika mali tangu kabla ya kukabidhiwa, na hakuambiwa, ana hiari ya kuirudisha. Ukienda darsa yoyote hapa mjini utasikia kisa cha Mtume alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyorowa, watu waione. Kisa hicho wanakijua wauzaji wetu wengi kuliko wanavyoijua Sura ya 31, na mimi nimeona kinafanya kazi zaidi kwenye kaunta kuliko kutaja vifungu. Sikwambii ukampigie mtu mawaidha dukani kwake. Nakwambia tu kwamba unachodai si kigeni kwake.

Sasa nirudi barazani na boksi langu.

Pale nilipokaa alipita fundi mmoja tunayejuana, akanipa ushauri ambao ungenimaliza: "Lete niifungue, ni waya tu huo." Ukichukua jambo moja tu katika mazungumzo ya leo, chukua hili. Kitu kikikuharibikia kingali kipya, usimpe fundi kabla ya kumwonyesha aliyekuuzia. Kikishafunguliwa skrubu, muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyekiua, na wewe huna la kumjibu. Kiache kilivyo. Kipige picha. Weka boksi, weka hata zile plastiki.

Na usikae nacho. Sheria inampa mnunuzi haki ya kukikataa kitu kibovu, lakini akikaa nacho muda unaopita kiasi bila kumwambia muuzaji, huhesabiwa amekikubali. Hapo huwezi tena kusema "kichukue, nipe pesa zangu". Unabaki kudai fidia ya hasara tu, na hiyo ni safari ndefu zaidi. Muda huo ni siku ngapi? Sheria haikutaja siku. Maziwa si friji. Ila mtu aliyekwenda siku ya nne husikilizwa kuliko aliyekwenda mwezi wa nne. Na kama umesafiri, au kitu chenyewe ni kabati la watu sita kubeba, jua kwamba si wajibu wako kukirudisha mgongoni. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umekikataa, isipokuwa kama mlipatana vingine. Mjulishe kwa maandishi. Ujumbe wa simu ni maandishi: una tarehe, una saa.

Risiti je? Mimi risiti yangu, na hapa naona haya, niliitumia kufungia njugu. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa M-Pesa: siku, saa, kiasi, na jina la aliyepokea pesa. Ushahidi huo unatosha kuanzia, na wewe usiufute. Lakini risiti ni bora, kwa sababu inaandika kilichouzwa. M-Pesa inajua umelipa 3,200. Haijui kama zilikuwa za feni au za mchango wa harusi.

Nilirudi saa kumi alasiri. Asubuhi nilikuwa nimekwenda wakati duka limejaa, na muuzaji aliyezungukwa na wateja hawezi kukubali kosa mbele yao. Kila mmoja ana jicho. Alasiri duka tupu. Sikumwendea kijana. Kijana kaajiriwa, hana idhini ya kurudisha hata shilingi, ukimgombeza unagombeza mlango. Niliuliza mwenye mali. Akatoka nyuma, mzee wa miaka sitini hivi, miwani imeshuka puani.

Sikumtajia Katiba. Nilimsalimia, nikakaa, nikaitoa feni nikaiweka juu ya kaunta upande uliobabuka. Nikamwambia: "Mzee wangu, nimenunua kwako Jumatatu, Jumatano usiku imeungua. Sikuifungua. Nataka nyingine kama hii, au pesa zangu." Ni muhimu useme unachotaka. Watu wengi hueleza uchungu wao nusu saa nzima, na muuzaji hajui waomba samahani, matengenezo au pesa.

Akaitazama. Naye akaelekeza kidole ukutani, ila kidole chake kilikuwa kizito kidogo kuliko cha kijana. Nikamwambia, "Hiyo nimeiona. Hiyo ni ya mtu aliyebadili nia. Mimi sijabadili nia, ningali nataka feni."

Akacheka. Halafu akasema neno ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Akasema: "Mwanangu, na mimi ninaponunulia huniambia hivyo hivyo."

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Yule mzee hununua kwa mwenye ghala, katoni kwa katoni. Mwenye ghala hununua kwa aliyeleta kontena. Kila mmoja ana karatasi yake ukutani, kila mmoja anamsukumia hasara aliye chini yake, mpaka ifike kwa mtu ambaye hana wa kumsukumia: mimi, na feni yangu mapajani. Sheria imewekwa ili hasara ile ipande ngazi irudi ilikotoka. Lakini haitapanda ikiwa sisi wa chini tunaibeba kimya kimya. Kila feni mbovu tunayoitupa jalalani bila kuirudisha, aliyeileta huhesabu kuwa imeuzika vizuri.

Sikushinda kama mashujaa wa filamu. Feni za aina ile zilikuwa zimekwisha. Mzee alinipa ya aina nyingine ya shilingi 3,600, nikaongeza 400. Nikamwandikia katika daftari lake kwamba nimebadilishiwa, tukatia sahihi. Mwenye sheria kali ataniambia nilipunjwa mia nne, na pengine ni kweli. Mimi niliona ni suluhu, na feni ya pili ingali inapepea.

Je, angekataa? Kuna milango mingine, na nitaipita haraka. Kama kitu chenyewe ni hatari au hakina ubora, mlango ni Shirika la Viwango, KEBS. Ile alama yao ya ubora ina namba chini yake, na namba hiyo huulizwa kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, jambo la kufanya kabla ya kulipa kuliko baada. Kama ni mizani inayokula gramu, kuna idara ya mizani na vipimo. Kama ni tangazo la uongo, Mamlaka ya Ushindani.

Mlango ninaotaka tusimame hapo kidogo ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya kuuziana bidhaa na huduma. Si lazima uwe na wakili, waweza kujisemea. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na atakayekata rufaa Mahakama Kuu atakwenda kwa hoja za sheria tu, si kuanza hadithi upya.

Ningeipeleka huko feni ya 3,200? Sidhani. Nauli na siku za kazi zingekula zaidi ya feni. Lakini mnaonipigia simu kuhusu mafundi wa samani, ninyi ndio ninaowasemea hapa. Umempa fundi arbuni ya shilingi 40,000 kwa seti ya makochi, akakwambia wiki mbili. Sasa ni mwezi wa tano, na kila ukipiga simu yuko kwenye matanga. Hilo ni dai la mahakama hiyo hasa. Kabla ya kwenda, mwandikie barua moja fupi: nilikupa kiasi fulani, siku fulani, kwa kazi fulani, nataka kazi au pesa kabla ya tarehe fulani. Nimeambiwa na zaidi ya msikilizaji mmoja kwamba barua ile peke yake ilimtoa fundi matangani.

Utahitaji jina lake kamili la biashara, na hapa wengi hukwama, kwa kuwa jina la kwenye bango si lazima liwe jina la mwenye duka. Usihangaike. Tazama ukuta ule ule. Kibali cha biashara cha kaunti kinatakiwa kibandikwe mahali kinapoonekana, na jina limo. Mara nyingi kimening'inizwa karibu kabisa na ile karatasi nyekundu. Sisi tunasoma moja tu kati ya hizo mbili.

Juzi nilipita kwa yule mzee kununua balbu. Alinijaribia kwenye soketi mbele yangu, ikawaka, akanitilia kwenye mfuko na kuniandikia risiti kabla sijaomba. Karatasi ya ukutani ingali pale pale.